Mpini wa Siala

Siku tuliyogawana vyuma vya baba nilirudi Kondele na bastola isiyopiga, ndani ya mfuko wa sukari, nimekasirika hata sikumuaga kaka yangu vizuri.

Kwetu mazishi yakishapita na wageni wakishatawanyika, watoto wa marehemu huitwa nyumbani siku moja ili vyuma vyake vigawanywe. Kwa Kiluo tunaita keyo nyinyo. Si mali ya kutajirisha mtu. Ni jembe, panga, jiko, chochote ambacho mkono wa marehemu ulikizoea. Siku ile, pale Pap Onditi, dada yangu alipata baiskeli. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni karani na hajawahi kupiga msumari ukaingia wima, alipata sanduku la vifaa: tezo, randa, tupa, vyote. Mimi ndiye fundi katika nyumba ile. Natengeneza pampu, za maji na zile za mgongoni za kupulizia dawa shambani, na kibanda changu hapa Kondele ndicho kinachonilisha. Nilikuwa nimeshapanga sanduku lile nitaliweka rafu gani.

Mama akaingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari. "Mzee alisema hii ni yako," akaniambia. "Alisema mara mbili."

Ndani mlikuwa na bastola ya upepo. Meneja mmoja wa mashamba ya mpunga alimwachia baba zamani, wakati baba alikuwa mlinzi wa kufukuza ndege huko, wale wadogo wanaoshuka kundi zima na kuacha mabua matupu. Ni bastola ya kupampu. Unafungua wenzo ulio chini ya mtutu, unaufunga, unafungua tena, upepo unajibana ndani, na ukivuta kifyatulio unasukuma kidonge cha risasi kisichozidi punje ya mtama. Niliipampu pale pale mbele ya watu. Upepo ukatoroka polepole kwa nyuma, kwa sauti ya aibu, na watu wakacheka. Kaka akasema, "Si wewe ni fundi wa pampu? Umepata pampu."

Mimi sikucheka. Tangu nikiwa mdogo baba alikuwa na mzaha wake juu yangu. Nikirusha jiwe alisema ng'ombe wasisumbuke kukimbia. "Mikono yako haijui inakoenda," aliniambia, mbele ya wageni, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Kwa hiyo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mtu asiyeweza kupiga ng'ombe aliyesimama mlangoni ameachiwa bastola, tena mbovu. Huo ulikuwa mzaha wa mwisho wa mzee. Naomba nieleweke, sikuwa nalilia mali. Nilitaka kujua baba alinihesabu mtu wa namna gani, na jibu lilikuwa ndani ya mfuko wa sukari. Liliniuma sana.

Mke wangu alipoiona hakutaka maelezo. "Baba, hiyo kitu haikai hii nyumba," alisema. Naye chifu msaidizi wa kwetu alikuwa ameshanivuta pembeni na kunionya: bastola ya upepo nayo ni silaha mbele ya sheria, kibali kilikuwa cha marehemu, kwa hiyo niipeleke kituo cha polisi kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia mke wangu nitaipeleka. Nikahesabu Jumapili zilizobaki, zilikuwa tatu.

Mtu mwenye akili angeipeleka kesho yake. Mimi niliifungua.

Jumapili ya kwanza, tulipotoka kanisani, nilitandika gazeti juu ya meza ya chakula na kutoa bisibisi zangu. Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni kwamba ndani haikuwa mbovu hata kidogo. Ngozi ya pampu, ile inayozuia upepo usirudi nyuma, baba alikuwa ameikata mwenyewe kutoka ulimi wa kiatu, mviringo safi ambao mimi na mashine zangu ningeona haya kuufananisha na wangu. Ilikuwa imekauka tu kwa kukaa bila mafuta. Skrubu moja iliyopotea alikuwa ameichongea nyingine kwa spoki ya baiskeli. Kijino cha kulengea juu ya mtutu kilikuwa cha shaba, kimetolewa kwenye ufunguo wa kufuli, na bado ungeweza kuona meno mawili ya ufunguo yaliyobaki kwa chini. Mtu hafanyi kazi hiyo yote kwa ajili ya mzaha. Niliiloweka ngozi kwenye kopo la mafuta, nikafunika, nikaenda kulala mchana kichwa kikiniuma.

Jumapili ya pili ngozi ilikuwa laini. Niliirudisha, nikapaka grisi, nikapampu mara tano, nikangoja. Upepo ulikaa. Hapo ndipo nilipoishika kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kuitumia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mpini wa awali, uliokuja na bastola, haukuwapo tena. Baba alikuwa ameuondoa na kuchonga mwingine kwa mti wa siala, ule wa manjano kidogo ambao kwetu kila boma linao. Sasa inafaa niseme jambo kuhusu baba na mipini. Baada ya kuacha kazi ya ndege aliishi kwa kuchonga mipini ya majembe na mapanga, na watu walitoka hadi Katito kumfuata. Alikuwa na njia yake. Mteja akija, baba alimpa bonge la udongo wa kichuguu uliokandwa na maji, akamwambia, "Finya, kama unavyoshika jembe lako." Bonge likabaki na alama za vidole na kiganja. Baba alilikausha kivulini, kisha akachonga mti akiliangalia. Mpini wake haukumtoa mtu malengelenge. Kina mama walikuwa wakikataa kuazimana majembe, kwa sababu jembe la mmoja lilimkataa mwingine.

Na huu wa bastola ulinikataa mimi. Kulikuwa na kirafu, pahali pa kuegemeza kidole gumba, lakini kilikuwa upande ambao kiganja changu kinapita, kwa hiyo kilinichoma kiganjani. Uvimbe wa kujaza kiganja ulikuwa upande wa pili, ambako hakuna kiganja. Mifereji ya vidole ilianza mahali vidole vyangu vinapoishia. Mbaya zaidi ni mfereji wa mwisho kule chini, wa kidole kidogo. Ile mingine ilikuwa imelala sambamba, huu ulipinda ghafla kwenda juu, kana kwamba tezo iliteleza na mzee akaona uvivu kurudia.

Nilizunguka meza nikiwa nao mkononi. Nilimwonyesha mke wangu, akasema hajui bastola na hataki kujua. Nikajaribu kwa mshumaa, bila risasi, kwa sababu risasi hazikuwapo na hata zingekuwapo nisingethubutu. Niliuwasha mchana kweupe juu ya kigoda, hatua moja tu mbele yangu, nikafyatua upepo mtupu. Moto ukainama kidogo kushoto, ukasimama. Nikarudia. Hatua moja, na bado nilikosa. Nilimsikia baba akisema ile kauli yake.

Nikatafuta maelezo nikayapata. Mwaka wa mwisho ugonjwa wa sukari ulimla mzee vibaya, miguu kwanza, halafu macho. Nikajiambia mikono nayo ilikuwa imekwisha. Alitaka kuniachia kitu kizuri, akakichonga akiwa haoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Maelezo hayo yalinipa nafuu kubwa, kwa sababu ni rahisi kumhurumia baba kuliko kumkasirikia. Hata machozi yalinitoka. Nikasema basi, nitamrekebishia kazi yake kabla polisi hawajaichukua. Ndiyo heshima ya fundi kwa fundi.

Nikachukua tupa. Nilianza na ule mfereji wa chini uliopinda, kwa sababu ndio ulionitia aibu zaidi. Niliusawazisha kabisa. Kisha nikakikwangua kirafu nusu yake, nikamaliza kwa msasa mpaka pakateleza. Mke wangu akafagia unga wa mti akaumwaga nje. Labda wewe unayesoma umeshajua nilichokuwa nakifanya. Niite mjinga, sitabisha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Pap Onditi. Nilikuwa na swali moja tu kwa mama, na nilitaka anithibitishie nilichokwisha kuamua. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani akipukuchua mahindi. Nikakaa karibu naye nikasaidia kidogo, tukaulizana habari za watoto na za mvua, kisha nikauliza.

"Mama, mzee mikono zilimshinda mwisho mwisho?"

"Mikono?" Mama aliacha kupukuchua. "Mzee alishona neti ya kitanda hiyo wiki alilazwa. Nani amekudanganya?"

Nikatoa bastola kwenye mfuko. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole gumba pale nilipopiga msasa. Akapitisha tena.

"Nani amekata hapa?"

"Ni mimi."

"Sababu gani?"

"Haikuwa inashikika, Mama. Alikosea."

Aliniangalia jinsi alivyoniangalia nikiwa na miaka sita, nilipovunja chungu cha bibi. "Ulishika na mkono gani?"

Swali lile sikulielewa. Naapa sikulielewa. "Mkono," nikamwambia. "Mkono gani tena?"

Mama aliinuka, akajikung'uta, akaingia nyumbani. Nilimsikia akisogeza masanduku. Alirudi na kopo kubwa la mafuta ya kupikia, na ndani yake, limeviringishwa kwenye kipande cha leso, mlikuwa na bonge la udongo mkavu lenye alama za mkono wa mtu.

"Weka mkono," akasema.

Nikaweka. Halikunikubali, vilevile kama mpini.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, sasa kwa sauti ya chini, "weka hiyo ingine."

Nikaweka mkono wa kushoto. Uliingia kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Kidole gumba kikalala mahali pake, kiganja kikajaa, vidole vitatu vikafuatana. Na cha nne, kile kidogo, kikaingia kwenye mfereji uliopinda kwenda juu. Kidole changu kidogo cha kushoto kimepinda. Wenzo wa pampu ya maji ulikipiga mwaka wangu wa kwanza kazini, kikapona vibaya, na huwa hakilali na wenzake. Nilikuwa nimeishi nacho miaka yote hiyo, na sikukitambua kilipokuwa kimechongwa kwenye mti.

Nilijiona zuzu. Halafu nikaanza kuogopa, sijui nini.

"Wewe ulizaliwa racham," mama akasema. Ni mtu wa mashoto kwa Kiluo. "Umesahau?"

Sikuwa nimesahau hasa. Nilikuwa nimeacha kulihesabu kama jambo langu. Nilipoanza shule mwalimu alinipiga rula kwenye vifundo, kisha akamwita baba. Baba alirudi na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Muhula mzima, kila wakati wa kula na kila wakati wa kuandika, alinifunga kifundo cha mkono wa kushoto, pale chini karibu na kiganja, kwenye mguu wa kigoda. Hakunipiga. Alifunga polepole, akajaribu kama kidole chake kinapita ili nisibanwe, akakaa karibu nami mpaka nimalize uji. Kufika darasa la tatu niliandika kwa kulia kama kila mtu, na mkono wa kushoto ukawa wa kushikilia vitu tu wakati wa kulia unafanya kazi.

"Kabla ya hiyo kamba," mama akaendelea, "ulikuwa unapiga ndege kwa jiwe akiwa anaruka. Mzee alikuwa anaita watu wa shamba wakuje waone. Hapo ndio alianza kusema utakuwa mtu wa ndege kumshinda."

Hilo sikulikumbuka kabisa, na mpaka leo silikumbuki. Ninalokumbuka mimi ni mawe yaliyokwenda popote na mzee akicheka.

"Na hii udongo," nikauliza, "alipima lini? Mimi sijawahi kumfinyia udongo."

"Ulifinya. Krismasi ile ya mwisho kabla augue."

Ndipo nikaiona siku ile. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje, na pembeni yake bonge la udongo chini ya gunia bichi. Nilimuuliza ni la nani, akasema kuna mteja amechelewa. Kesho yake bado lipo, na keshokutwa, naye analinyunyizia maji lisikauke. Siku ya tatu simu yangu ikalia. Mkulima mmoja alikuwa akinigombeza kwa sababu ya pampu, nami nikisimama kumjibu, simu imebanwa sikioni kwa mkono wa kulia, baba akauchukua wa kushoto akaweka kitu baridi ndani yake. "Finya kidogo," akasema. Nikafinya bila kuangalia, nikiendelea kugombana. Akakichukua. Nikapangusa mkono kwenye suruali na hata sikumuuliza.

"Alingojea simu ilie," mama akasema. "Siku tatu. Mimi nikamwambia, si umwambie tu mtoto akupe mkono? Akasema, nitamwambiaje, na ni mimi nilifunga."

Kuku waliingia kwenye mahindi na hatukuwafukuza. Nililia, sasa si kwa huruma ile ya kujitungia. Mama aliniacha nilie.

Baadaye nikauliza kwa nini hakunipa mwenyewe. Mama akasema hajui. Akasema kila nilipokuja nyumbani mzee aliitoa bastola chini ya kitanda asubuhi na kuirudisha jioni. Nikauliza, na ule mzaha wa mikono isiyojua inakoenda, alikuwa ananicheka mimi au anajisema mwenyewe? Mama akafikiri. "Hiyo pia sijui," akasema. "Mzee alikuwa anachanganya."

Mimi ndiye niliyechanganyikiwa, na bado. Nimejaribu kumkasirikia kwa ajili ya kamba, halafu nakumbuka kile kidole alichokuwa akipitisha kupima kama nimebanwa. Nimejaribu kumshukuru kwa ajili ya mpini, halafu naona angeweza kusema neno moja tu, miaka thelathini yote hiyo, tukiwa tumekaa viti viwili uani. Nikishika moja, lingine linaniponyoka.

Jumapili ya mwisho nilitaka kuurudishia mpini sehemu niliyoikwangua. Unga wa siala na gundi huziba pengo vizuri, ukijua kazi. Lakini unga wenyewe ulishamwagwa nje na mvua ilishaupeleka mtaroni, na unga wa mti mwingine sikutaka. Nikauacha. Niliwasha mshumaa juu ya kigoda, nikapampu mara tano, nikashika kwa kushoto. Mara ya kwanza nilikosa, ya pili nikakosa. Ya tatu moto ukazimika. Mke wangu, ambaye hataki kujua bastola, alisema "Heee!" kutoka jikoni. Nikakaa chini nikiangalia moshi.

Jumatatu nikafungua skrubu mbili, ile ya dukani na ile ya spoki, nikautoa mpini. Chuma nikakitia kwenye mfuko wa sukari pamoja na kibali cha marehemu, nikaenda kituoni. Askari wa zamu alikuwa kijana mpole. Aliandika jina la baba, akaandika langu, akatoa bastola kwenye mfuko na kuigeuza.

"Mzee, sasa mpini iko wapi?"

"Hiyo ilikuwa yangu," nikamwambia.

Alitazama kibali, akatazama chuma kilichobaki, mfupa mtupu wenye matundu mawili. "Lakini si vyote ni vya marehemu?"

"Chuma ndicho cha marehemu. Mti alinipimia mimi."

Nadhani aliona nimefiwa karibuni, kwa sababu hakuuliza tena. Alisukuma daftari upande wangu nikatia sahihi, kwa kulia, kama nilivyofunzwa. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni, umeushika mpini. Kidole kidogo kilikuwa kikipapasa chini kutafuta mfereji wake, na pale palikuwa laini, kwa sababu nilipalainisha mwenyewe.